Mguu Uliopachikwa Mfupani na Muda wa Matunzo: Historia ya Miguu ya Bandia na Matokeo Yake ya Kiafya kwa Mtazamo wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, 1978–2025

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya miguu ya bandia na matokeo yake ya muda mrefu kwa afya ya watu waliokatwa miguu, kwa kuziangalia wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Njia mbili zinalinganishwa. Ya kwanza ni ile ya soketi, ambapo mguu wa bandia huvalishwa juu ya kigutu. Ya pili ni ile ya kuupachika mguu wa bandia kwenye mfupa kwa chuma cha titani, iliyoanza kutumika kwa waliokatwa mapaja huko Gothenburg, Uswidi, mwaka 1990. Hoja kuu ni kwamba njia ya pili haikuondoa hatari ya kiafya iliyokuwamo katika njia ya kwanza. Iliihamisha hatari hiyo kutoka juu ya ngozi hadi ndani ya mfupa, na kwa kufanya hivyo ikaongeza uzito wa matunzo ya miaka mingi baada ya upasuaji. Historia ya Ngara na Biharamulo inaonesha kuwa huduma kubwa za tiba zilifika huko pamoja na dharura na kuondoka nazo. Kwa hiyo, kipimo kinachofaa cha kuipokea njia hiyo mpya ni uwezo wa kumfuatilia mgonjwa kwa muda mrefu.

1.0 Utangulizi

Mtu aliyekatwa mguu hukaa wodini kwa siku au majuma kadhaa, kisha huishi bila mguu huo kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Maandishi mengi ya kitabibu yameandikwa kwa kufuata muda ule wa kwanza: jeraha lilipona au halikupona, mgonjwa alitoka akiwa hai au alifariki. Muda wa pili, ambao ndio mrefu, huangukia nje ya daftari la wodi. Ni katika muda huo ndipo mguu wa bandia hupimwa kwa kweli, kwa maana hapo ndipo mtu hupanda mlima kwenda shambani, hubeba ndoo ya maji, husimama sokoni kutwa nzima na kuzeeka.

Ngara na Biharamulo ni wilaya mbili jirani katika sehemu ya kusini-magharibi ya Mkoa wa Kagera. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Biharamulo iko mashariki yake, yenye misitu ya miombo, mifugo na machimbo ya dhahabu. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2012, Ngara ilikuwa na watu 320,056 na Biharamulo watu 323,486. Wilaya hizi zimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, vyanzo vikuu vya majeraha katika historia ya karibuni ya Afrika Mashariki, yaani machafuko ya mipakani, usafiri wa masafa marefu na uchimbaji wa madini, vyote vimepita katika ardhi yake. Pili, ziko mbali na vituo vinavyotengeneza viungo bandia nchini, hivyo zinaonesha vizuri zaidi gharama ya umbali katika matunzo ya muda mrefu.

Insha inatumia mbinu ya kihistoria. Inasoma matokeo ya tafiti za kitabibu kama ushahidi wa kihistoria, yaani inauliza yalipatikana wapi, kwa wagonjwa gani, na chini ya taasisi za namna gani, kabla ya kuuliza yanamaanisha nini kwa wakazi wa wilaya hizi mbili.

2.0 Kutoka Soketi hadi Mfupani

Kwa karne nyingi mguu wa bandia umetegemea wazo moja: kigutu huingizwa ndani ya kikombe, ambacho mafundi hukiita soketi, na uzito wa mwili hupitia katika ngozi na nyama laini kabla ya kufika chini. Vifaa vimebadilika kutoka ubao na ngozi ya mnyama hadi plastiki, lakini wazo limebaki lilelile. Udhaifu wake nao umebaki. Ngozi ya paja haikuumbwa kubeba uzito wa mwili. Kigutu hunenepa na kukonda, hutoa jasho, huchubuka, na soketi iliyomkaa mtu vizuri mwaka huu huenda ikambana au kumlegea mwaka ujao.

Ukubwa wa tatizo hilo ulipimwa huko Uswidi na Kerstin Hagberg na Rickard Brånemark katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Waliwahoji watu 97 waliokatwa mguu juu ya goti kwa sababu zisizohusiana na magonjwa ya mishipa ya damu. Asilimia 72 walitaja joto na jasho ndani ya soketi kuwa tatizo lililowapunguzia ubora wa maisha, asilimia 62 walitaja vidonda na michubuko, na asilimia 61 walisema hawawezi kutembea porini na mashambani. Takwimu hizi zilitoka katika nchi ya baridi, yenye barabara za lami na warsha za viungo bandia zilizo karibu. Msomaji anayezifahamu njia za miguu za vilima vya Ngara wakati wa masika, au jua la Biharamulo wakati wa kiangazi, hahitaji kuelezwa kwa nini takwimu hizo zina uzito hata nje ya nchi zilikotoka.

Njia ya pili ilianzia katika maabara. Mwaka 1952, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa, aligundua kuwa mfupa ulikuwa umeshikamana na titani kiasi kwamba havikutoka kwa urahisi. Mwaka 1965 ugunduzi huo ulitumika kwa mara ya kwanza kumpandikizia mgonjwa meno ya bandia. Ilichukua miaka 25 zaidi kabla ya titani kuingizwa katika mfupa wa paja wa mtu aliyekatwa mguu, jambo lililofanyika Gothenburg mwaka 1990.

Utaratibu wake ni wa hatua mbili. Katika upasuaji wa kwanza, kipande cha titani chenye hesi kama skrubu huingizwa ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, kisha nyama na ngozi hufungwa ili mfupa upate muda wa kushikamana nacho. Baada ya miezi sita hivi, upasuaji wa pili huweka kijiti cha chuma kinachotokeza nje kupitia ngozi, na mguu wa bandia hufungwa katika kijiti hicho. Mgonjwa huanza kuuzoesha mfupa uzito kidogokidogo, kwa miezi mingine kadhaa, kabla ya kutembea bila kusaidiwa. Soketi haihitajiki tena. Mtu huketi kwa raha, hufunga na kufungua mguu kwa muda mfupi, na wengi husema kuwa huihisi ardhi wanayoikanyaga.

Hata huko Gothenburg njia hii haikukamilika kwa siku moja. Wagonjwa wa miaka ya 1990 walitibiwa kabla ya kuwapo kwa mwongozo mmoja, na matokeo yao yalitofautiana. Ni mwaka 1999 ndipo utaratibu wa pamoja, unaojulikana kwa kifupi kama OPRA, ulipowekwa: nani achaguliwe, asubiri muda gani, aanze na uzito kiasi gani. Mwaka huohuo wapasuaji wa Lübeck, Ujerumani, walianza na kifaa cha muundo mwingine. Nchini Australia, mpasuaji Munjed Al Muderis, mzaliwa wa Iraki aliyekimbilia huko, aliiendeleza njia hii kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2017 alirudi Iraki kuwafanyia upasuaji majeruhi wa vita. Marekani iliruhusu kifaa cha OPRA kwa matumizi maalumu mwaka 2015 na kukiidhinisha kikamilifu Desemba 2020. Tangu mgonjwa wa kwanza hadi idhini hiyo ilipita miaka 30.

3.0 Matokeo ya Muda Mrefu Yanavyosomeka

Utafiti mkuu wa OPRA uliwahusisha wagonjwa 51 waliowekewa vipandikizi 55. Taarifa ya miaka miwili, iliyochapishwa mwaka 2014, ilionesha kuwa asilimia 92 ya vipandikizi vilikuwa bado vimeshika, na kwamba wagonjwa walivaa mguu kwa muda mrefu zaidi na kutembea vizuri zaidi kuliko walipokuwa na soketi. Kwa msomaji wa haraka, hesabu inaishia hapo, na ni hesabu ya ushindi.

Hata hivyo, taarifa hiyohiyo ilirekodi maambukizi 41 ya juu ya ngozi kwa wagonjwa 28. Taarifa ya miaka mitano, iliyotoka mwaka 2019, ilirekodi maambukizi ya namna hiyo 70 kwa wagonjwa 34, maambukizi ya ndani 14 kwa wagonjwa 11, na wagonjwa 15 ambao vipuri vya vifaa vyao vilipata hitilafu. Utafiti mwingine wa Gothenburg, uliofanywa na Jonatan Tillander na wenzake na kuchapishwa mwaka 2017, uliwafuatilia wagonjwa 96 waliotibiwa kati ya mwaka 1990 na 2010. Kati yao, 16 walipata maambukizi ya mfupa. Uwezekano wa kuyapata ndani ya miaka kumi ulikadiriwa kuwa asilimia 20, na uwezekano wa kipandikizi kung'olewa kwa sababu hiyo ulikuwa asilimia 9.

Mambo matatu yanajitokeza katika takwimu hizi. La kwanza ni kwamba faida huonekana mapema, ilhali madhara hujilimbikiza. Mgonjwa aliyepimwa baada ya miaka miwili na yuleyule aliyepimwa baada ya miaka kumi wanatoa ushahidi tofauti kuhusu kifaa kimoja. La pili ni kwamba mengi ya madhara hayo yalitibika. Maambukizi ya juu ya ngozi kwa kawaida hutulia kwa usafi na dawa za kumeza, na kipuri kilichopinda hubadilishwa. Lakini kila tiba kati ya hizo ilimkuta mgonjwa akiwa na mahali pa kwenda. La tatu linahusu namna takwimu zenyewe zilivyopatikana. Wagonjwa hao walirudi mwaka baada ya mwaka katika hospitali moja, ile ya Chuo Kikuu cha Sahlgrenska, katika nchi ambayo tangu mwaka 1947 kila mkazi ana namba moja ya utambulisho. Uwezo wa kusema kwamba hatari ya miaka kumi ni asilimia 20 ni matokeo ya kumbukumbu zilizotunzwa, sawa na jinsi ulivyo matokeo ya upasuaji.

4.0 Ngara na Biharamulo: Majeraha na Huduma Zilizopita Njia

Historia ya majeraha katika Mkoa wa Kagera mara nyingi huanzia Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Oktoba 1978, na Kampala ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda Aprili 1979. Baada ya vita hivyo, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera. Uwanja wa mapigano ulikuwa kaskazini, katika eneo la Kyaka na mto wenyewe. Ngara na Biharamulo hazikuwa mstari wa mbele. Hata hivyo, miaka iliyofuata ililiweka suala la ulemavu katika sheria na taasisi za nchi nzima. Mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu wenye Ulemavu, kilifunguliwa Moshi, katika eneo la Hospitali ya KCMC, chuo cha kufundisha mafundi sanifu wa viungo bandia, TATCOT, kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Ujerumani. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria mbili kuhusu matunzo na ajira za watu wenye ulemavu.

TATCOT ilikuwa hatua kubwa kwa bara zima, kwani ilipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa mkazi wa Ngara, hata hivyo, Moshi iko upande wa pili wa nchi. Vivyo hivyo kwa taasisi zilizofuata Dar es Salaam: CCBRT iliyoanzishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Karibu zaidi ilikuwa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Katika ngazi ya wilaya, uzito wa tiba ulibebwa kwa muda mrefu na hospitali za makanisa: Murgwanza ya Kanisa Anglikana na Rulenge ya Kanisa Katoliki huko Ngara, pamoja na hospitali teule ya wilaya huko Biharamulo. Hospitali hizi ziliweza kumkata mtu mguu na kumwokoa. Mguu wa bandia ulikuwa safari nyingine.

Mwaka 1994 hali iligeuka ghafla. Tarehe 28 na 29 Aprili, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. Kambi ya Benaco, iliyoota kando ya barabara, ilikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati huo. Mashirika ya kimataifa yalifika na mahema ya upasuaji, magari, maji safi na dawa. Wilaya iliyozoea uhaba wa madaktari ilijikuta, kwa muda, mwenyeji wa mojawapo ya shughuli kubwa kabisa za misaada duniani. Kisha, Desemba 1996, wakimbizi wa Rwanda waliamriwa kurejea kwao kabla ya mwisho wa mwaka, na wengi walirudi kwa daraja lilelile. Kambi ya Lukole, iliyohifadhi wakimbizi wa Burundi, ilibaki Ngara kwa miaka zaidi, nayo ikafungwa mwishoni mwa muongo uliofuata.

Kwa historia ya miguu ya bandia, kipindi hiki kinafundisha jambo moja. Tiba ya dharura huhesabiwa kwa siku, na kwa kipimo hicho ilifanya kazi kubwa isiyopaswa kubezwa. Lakini mtu aliyekatwa mguu kambini alihitaji soketi baada ya miezi, marekebisho baada ya mwaka, na mguu mpya baada ya miaka michache, na kila mara alihitaji mtu anayelijua jeraha lake. Kambi ilipofungwa, mwenye kigutu alivuka mpaka upande mmoja na shirika lililomtibu likaondoka upande mwingine.

Baada ya wakimbizi, vyanzo vya majeraha havikukoma, vilibadilika. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita wilaya hizi kuelekea Rusumo na Kabanga, na mwaka 2016 daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa pamoja na kituo cha pamoja cha forodha. Bodaboda zimeenea hadi vijijini. Huko Biharamulo mgodi wa Tulawaka ulizalisha dhahabu kuanzia mwaka 2005, kisha ukakabidhiwa kwa shirika la madini la taifa, STAMICO, mwaka 2013, huku wachimbaji wadogo wakiendelea kushuka mashimoni kwa kamba na sururu. Ajali za barabarani na za machimboni humkuta zaidi kijana mwenye nguvu, ambaye ana miaka mingi mbele yake ya kuishi na matokeo yake.

5.0 Waliokatwa Miguu katika Kanda ya Ziwa

Picha iliyo wazi ya nani hasa hukatwa kiungo katika kanda hii inatokana na utafiti wa Phillipo Chalya na wenzake katika Hospitali ya Bugando, uliochapishwa mwaka 2012. Walichunguza wagonjwa 162. Vidonda vya miguu vitokanavyo na kisukari vilikuwa sababu ya asilimia 41.9 ya ukataji, majeraha ya ajali na mengineyo asilimia 38.4, na magonjwa ya mishipa ya damu asilimia 8.6. Katika asilimia 86.4 ya wagonjwa, kiungo kilichokatwa kilikuwa mguu, na ukataji uliofanywa zaidi ulikuwa wa chini ya goti, asilimia 46.3. Asilimia 29.6 walilazimika kukatwa tena. Maambukizi ya jeraha la upasuaji yaliwapata asilimia 21.0, na asilimia 16.7 walifariki. Wastani wa kukaa hospitalini ulikuwa siku 22.4. Asilimia 69.1 hawakuwa na ajira.

Takwimu hizi zikiwekwa kando ya zile za Gothenburg, tofauti ya kwanza ni ya wagonjwa wenyewe. Utaratibu wa OPRA haukuwapokea watu wenye kisukari kilichokwisha kuleta madhara, wenye ugonjwa mkali wa mishipa ya damu, wenye uzito unaozidi kilo 100, wala wenye umri unaozidi miaka 70. Kwa vigezo hivyo, takriban nusu ya wagonjwa wa Bugando, yaani wale wa kisukari na wa mishipa, wasingechaguliwa. Waliobaki ni hasa wale wa majeraha, na kati yao wale tu waliokatwa juu ya goti ndio wanaolingana na wagonjwa wa tafiti za Uswidi zilizotajwa. Kwa hiyo, asilimia 92 ya Gothenburg haiwezi kuhamishiwa Mwanza kama ilivyo, sembuse Biharamulo. Ilipatikana kwa watu waliochujwa.

Tofauti ya pili ni ya mazingira ya jeraha. Ikiwa mgonjwa mmoja kati ya watano alipata maambukizi ya jeraha akiwa hospitalini, mbele ya wauguzi, basi tundu la ngozi lisilofungwa maisha yote, litakalosafishwa nyumbani kila siku kwa maji ya kisima au ya bwawa, ni jambo la kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Tofauti ya tatu ni ya muda. Takwimu za Bugando zinaeleza siku za wodini. Za Gothenburg zinaeleza miaka. Kuzilinganisha bila kulitamka hilo ni kuulinganisha mwanzo wa safari moja na mwisho wa safari nyingine.

Tofauti ya nne ni umbali. Mgonjwa wa Biharamulo aendaye Bugando kwa njia ya Geita na Sengerema alilazimika kwa miaka mingi kungoja kivuko kati ya Busisi na Kigongo ili kuvuka Ghuba ya Mwanza. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilometa tatu, lilifunguliwa Juni 2025 na kuondoa ngojangoja hiyo. Historia ya tiba haina budi kulihesabu daraja hilo miongoni mwa vifaa vya tiba, kwa kuwa maambukizi ya mfupa yanayofikishwa kwa mpasuaji mapema ni ugonjwa tofauti na yanayofikishwa baada ya mwezi.

6.0 Hatari Ilipohamia

Hoja ya insha hii sasa inaweza kuelezwa kikamilifu. Soketi inapoharibika, huharibika nje ya mwili. Mwenye nayo huivua, huiegemeza ukutani na kurudi kwenye magongo. Hasara yake si ndogo: hushindwa kulima, mabega huuma kwa magongo, mguu mzima huchoka kwa kubeba kazi ya miwili, na heshima yake ya kujitegemea hupungua. Lakini akipata fundi mwaka ujao, huanza alipoishia. Kwa sababu hiyo, teknolojia zilizobuniwa kwa ajili ya nchi maskini zimeshikilia soketi. Mguu wa Jaipur uliobuniwa India mwishoni mwa miaka ya 1960 uliruhusu kuchuchumaa na kukanyaga tope bila kiatu. Miguu ya polipropilini iliyoendelezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tangu miaka ya 1980 ilipunguza gharama na kumwezesha fundi wa mahali kuirekebisha.

Mguu uliopachikwa mfupani hauna ukuta wa kuegemezwa. Sehemu inayovuliwa ni ya nje tu. Titani hubaki ndani, na tundu la ngozi hubaki wazi. Likianza kutoa usaha, kinachohitajika ni mtu wa kutofautisha maambukizi ya ngozi na ya mfupa, eksirei, maabara ya kuotesha vijidudu ili dawa sahihi ichaguliwe, dawa yenyewe kwa majuma mengi, na mpasuaji iwapo dawa itashindwa. Kipandikizi kikilazimika kung'olewa, mgonjwa huweza kubaki na mfupa uliodhoofika kuliko alioanza nao. Matokeo ya kutelekezwa, ambayo kwa soketi ni kurudi kwenye magongo, hapa huweza kuwa kukatwa upya, juu zaidi.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba njia hii haiwahusu wakazi wa Ngara na Biharamulo. Yupo kijana wa machimboni ambaye kigutu chake ni kifupi mno kushika soketi, au ambaye makovu yake hayavumilii msuguano. Kwa mtu huyo soketi haijawahi kuwa chaguo, na kuambiwa angoje hadi wilaya yake iwe kama Uswidi ni kuambiwa asitembee kamwe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Mkataba huo unaitaka nchi kuwezesha watu hao kutembea na kusafiri kwa uhuru kadiri iwezekanavyo, kwa gharama wanayoimudu. Haki hiyo haimtengi mkazi wa mpakani. Inachodai ni kwamba anayempa mguu ajifunge pia kuutunza.

Jambo hili linabadilisha namna ya kuuliza swali. Mjadala wa teknolojia mpya za tiba mara nyingi huhusu uwezo wa chumba cha upasuaji: je, mpasuaji yupo, je, kifaa kinanunulika? Ushahidi wa Gothenburg unaonesha kwamba upasuaji ulikuwa sehemu fupi ya kazi. Sehemu ndefu ilikuwa kliniki ya kila mwaka, muuguzi anayelijua tundu la kawaida na lisilo la kawaida, ghala la vipuri, na faili lisilopotea. Kwa kipimo hicho, kikwazo kikuu kati ya Mwanza na Murgwanza kinahusu mpangilio wa huduma kuliko ustadi wa mikono.

7.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba historia ya mguu wa bandia ni historia ya mahali hatari inapowekwa na nani hubaki kuilinda. Soketi iliiweka hatari juu ya ngozi na kumwachia mtumiaji uwezo wa kuiepuka kwa kuivua. Titani iliiweka ndani ya mfupa, ikampa mtumiaji mwendo bora, na kumfunga kwa hospitali kwa maisha yake yote. Katika Ngara na Biharamulo, ambako huduma kubwa kuliko zote zilikuja na wakimbizi wa mwaka 1994 na kupungua walipoondoka, kifungo hicho cha maisha ndicho sehemu iliyo ngumu zaidi kutimizwa.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, daftari la kanda la watu waliokatwa viungo lianzishwe na kutunzwa Bugando, likiunganishwa na hospitali za wilaya, ili kila mgonjwa afuatiliwe baada ya mwaka mmoja, miaka mitano na miaka kumi, awe na soketi, titani au magongo. Pili, huduma za soketi ziimarishwe karibu na wilaya kabla ya njia ya mfupani, kwa kuwa mafundi na kliniki zilezile ndizo zitakazohitajika kwa zote mbili. Tatu, utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 uutazame mguu wa bandia kama tiba inayoendelea, ukihesabu marekebisho, vipuri na nauli ya kliniki katika gharama zake, pamoja na mguu wenyewe.

Pale masharti hayo yatakapotimizwa, kijana wa Biharamulo mwenye kigutu kifupi ataweza kupewa njia zote mbili na kuchagua akiwa na taarifa kamili. Kabla ya hapo, mpasuaji anayempachika mguu mfupani anapaswa kujibu kwanza swali ambalo mgonjwa atakuwa na haki ya kuliuliza: tundu hili likianza kutoa usaha baada ya miaka saba, nitakwenda kwa nani?